Kutoka Ekimeeza hadi Kimeza: Historia Fupi ya Mabaraza ya Mtandaoni Jijini Kampala

Neno ekimeeza lilivuma sana mjini Kampala tangu mwanzo wa karne hii hadi mwaka 2009. Ni neno la Kiganda, lakini asili yake sisi tufundishao Kiswahili twaijua vema. Wareno walikuja na mesa yao, Waswahili wakaifanya meza, nao Waganda wakaipokea kwa njia ya Kiswahili wakaiita emmeeza. Kisha wakaitilia kiambishi eki-, ambacho katika lugha yao huweza kukuza kitu, wakapata ekimeeza, yaani meza kubwa. Hapo ndipo Mswahili hutabasamu, kwa kuwa katika lugha yetu kiambishi ki- aghalabu hudunisha: kitoto ni mtoto mdogo, kilima ni mlima mdogo, na kimeza hakiwi ila meza ndogo. Shina ni moja na viambishi ni ndugu, lakini maana zimepeana mgongo.

Tumeanza na neno hili kwa sababu historia ya mazungumzo ya watu wa Kampala katika zama za mitambo ni historia ya safari baina ya maana hizo mbili. Siku hizi husemwa duniani kwamba watu wanaihama mitandao mikubwa ya kijamii, ile inayokusanya mamilioni ya watu chini ya mwenye mali mmoja, na kwenda katika jumuiya ndogo ndogo zisizotawaliwa kutoka mahali pamoja. Jambo hilo hutangazwa kana kwamba ni geni kabisa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika jiji letu safari hiyo si mpya; kwamba sababu zake hapa si zile za Ulaya na Marekani; na kwamba sisi walimu wa Kiswahili tuna la kujifunza humo, tena si la kuahirishwa.

Vimeza vya kwanza: Makerere na simu za usiku

Wengi hudhani kuwa mtandao ulitufikia ukiwa umekwisha kuwa mkubwa. Sivyo. Mtandao wa kwanza wa kompyuta kutumika kwa mawasiliano katika Kampala ulikuwa mdogo, wa kushirikiana, na usio na kitovu kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Makerere, kulikuwa na kituo kilichoitwa MUKLA, kikiendeshwa na Charles Musisi, ambaye baadaye alijulikana kama msimamizi wa anwani za intaneti zinazoishia kwa herufi za Uganda. Kituo hicho kilikuwa sehemu ya FidoNet, mtandao uliobuniwa na Tom Jennings huko Marekani mwaka 1984.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi, na wafaa kuelezwa kwa sababu tutaurejea. Kila kituo kilikuwa kompyuta moja ya kawaida, iliyounganishwa na waya wa simu. Mtu aliandika barua yake, nayo ikangoja ndani ya kompyuta. Ulipowadia wakati uliopangwa, aghalabu usiku ambapo simu ni nafuu, kompyuta moja iliipigia nyingine, zikabadilishana mizigo ya barua, kisha zikakata simu. Barua ya Kampala iliweza kupelekwa London, ambako shirika la GreenNet lilikuwa na lango lililopokea barua za vituo vya Afrika na kuzitia katika intaneti kubwa. Jirani zetu wa Nairobi walikuwa na kituo chao kwa utaratibu uo huo. Barua haikufika papo hapo. Pengine ilifika kesho yake. Hata hivyo ilifika, na kwa gharama ndogo kuliko faksi.

Watumiaji wake walikuwa wachache: watafiti, waganga, wahadhiri, na watu wa mashirika ya hiari. Hapakuwa na matangazo ya biashara, wala hapakuwa na tajiri mmoja aliyeumiliki mtandao mzima. Kila kituo kilikuwa na mlinzi wake aliyewajua watu wake kwa majina, na vituo vilielewana kwa kanuni walizokubaliana wenyewe. Kituo kimoja kilipoharibika, vingine viliendelea. Basi yafaa tuliweke akilini jambo hili: kwa mtu wa Kampala, jumuiya ndogo isiyo na kitovu haikuzaliwa ili kuikimbia mitandao mikubwa. Ndiyo iliyotangulia.

Meza kubwa ya redio

Wakati huohuo mlango mwingine ulikuwa ukifunguka. Kwa miongo mingi redio ilikuwa ya serikali peke yake. Mwaka 1993 redio za watu binafsi zilianza kusikika Kampala, Sanyu na Capital zikiwa za mwanzo, na mwaka 1996 ikafuata CBS, redio ya ufalme wa Buganda. Ushindani ukawa mkali, na katika kutafuta wasikilizaji wakabuniwa utaratibu wa kuitoa maikrofoni studioni na kuipeleka walipo watu.

Redio One ilikuwa ikiendesha mjadala wake siku ya Jumamosi katika ukumbi wa burudani wa Club Obbligato. Watu walikusanyika, wakaandikisha majina, wakasimama mmoja mmoja kusema mbele ya umati, na maneno yao yakarushwa hewani wakati uleule. Huo ndio ulioitwa ekimeeza. Redio nyingine ziliiga, hata ukapatikana wingi wake, ebimeeza. CBS nayo ilikuwa na mjadala wake huko Mengo, na msomaji wa gazeti letu atafurahi kusikia kwamba mjadala huo uliopendwa na Waganda, ulioendeshwa kwa Kiganda, ulikuwa na jina la Kiswahili kitupu: Mambo Bado.

Thamani ya ekimeeza haikuwa katika ufasaha wa wasemaji, maana wengine walibwabwaja. Thamani yake ilikuwa katika kuwakutanisha wasiojuana. Mwanasheria alimsikiliza dereva wa teksi, na mfuasi wa chama hiki alilazimika kungoja zamu yake wakati wa chama kile akisema. Aliyesema uongo aliweza kukanushwa palepale na mtu wa tatu katika foleni. Ilikuwa meza kubwa kwa maana yake halisi.

Lakini meza hiyo ilikuwa na miguu michache. Ilisimama juu ya leseni za redio, na leseni hutolewa na serikali. Mnamo Septemba 2009 serikali ilizuia ziara ya Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II katika wilaya ya Kayunga. Ghasia zikazuka Kampala na kwingineko katika Buganda, na watu wengi wakapoteza maisha. Tarehe 10 Septemba CBS ilifungwa pamoja na redio nyingine kadhaa, na mijadala ya hadhara ya ebimeeza ikapigwa marufuku. CBS iliruhusiwa kurudi hewani mnamo Oktoba 2010, ila meza kubwa haikurudi nayo.

Meza ya mgeni

Ikasadifu kwamba mwaka uleule wa 2009, mnamo Julai, waya mkubwa wa mawasiliano uliolazwa chini ya Bahari ya Hindi ulianza kufanya kazi katika pwani ya Afrika Mashariki. Kabla yake Uganda ilitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa ya kuumiza. Waya ulipofika Mombasa na kuunganishwa na nyaya za nchi kavu hadi Kampala, intaneti ikaanza kuwa nafuu, na simu za mkononi zikaanza kuibeba. Waliokuwa wamenyang'anywa maikrofoni wakapata kibao cha herufi. Facebook, na baadaye Twitter, zikawa ekimeeza kipya, kikubwa kupita kile cha Obbligato, kisichohitaji nauli wala kuandikisha jina.

Meza hii mpya ilitofautiana na ile ya zamani kwa jambo moja zito. Mwenyewe hakuwa Kampala. Alikuwa ng'ambo, hakuwajua wageni wake, na alijipatia riziki kwa kuwauzia wafanyabiashara nafasi ya kuwatangazia. Yeye ndiye aliyeamua ni neno la nani litangulizwe mbele ya macho ya watu na ni la nani lisukumwe nyuma. Wakati huohuo, mlango wa kuifikia meza hiyo ulikuwa mikononi mwa makampuni ya simu yaliyopata leseni zao kutoka Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Kwa hiyo mgeni wa meza hii alikuwa na mabwana wawili, mmoja wa ukumbi na mmoja wa mlango.

Mlango ulianza kutikiswa mapema. Mnamo Februari 2006, kabla ya uchaguzi, tovuti iliyoitwa Radio Katwe ilizuiwa isisomwe ndani ya nchi. Mnamo Aprili 2011, wakati wa maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, tume iliyaandikia makampuni iyatake yazuie Facebook na Twitter kwa saa 24. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilizimwa pamoja na huduma za kutuma pesa kwa simu, na mnamo Mei mwaka huohuo ikazimwa tena wakati wa kuapishwa kwa Rais. Kila mara watu walijifunza jambo. Mwaka 2016 neno VPN, ambalo hapo awali lilijulikana na mafundi tu, liliingia katika vinywa vya wachuuzi na wanafunzi, kwa kuwa ndilo jina la programu iliyowavusha juu ya ukuta.

Tarehe 1 Julai 2018 mbinu ilibadilika. Badala ya kufunga mlango, serikali iliweka ushuru mlangoni: shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu atakayetumia Facebook, WhatsApp, Twitter na nyinginezo za namna hiyo. Kwa mwenye mshahara, shilingi 200 si kitu. Kwa mama muuza ndizi anayehesabu kila sarafu, ni fedha. Baadhi walilipa, baadhi wakajificha nyuma ya VPN, na baadhi wakaacha kabisa. Ushuru huo uliondolewa mwaka 2021, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data za intaneti, ambayo haina pa kukwepea.

Kisha ukaja Januari 2021. Siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook iliondoa akaunti ambazo ilisema zilihusiana na wizara ya habari na mawasiliano na zilikuwa zikijifanya watu mbalimbali. Tarehe 12 Januari Rais Museveni alitangaza kwamba Facebook imefungwa. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ilizimwa, na haikurejea hadi tarehe 18. Mitandao mingine ya kijamii ilifunguliwa mwezi Februari, lakini Facebook ilibaki imefungwa, na mwaka 2025 bado hapakuwa na njia ya kuifikia ila kwa VPN. Katika mkasa huu mabwana wawili waligombana, mwenye ukumbi na mwenye mlango, na aliyeumia ni yule asiyekuwa upande wowote. Wahenga walikwisha kusema: wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Walihamia wapi?

Hapa ndipo inapoonekana tofauti baina yetu na wenzetu wa ng'ambo. Twitter iliponunuliwa na Elon Musk mnamo Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, watu wengi wa Ulaya na Marekani walihama kwa sababu hawakupendezwa na mmiliki mpya au na mwenendo wa meza yake. Walihama kwa hiari, kama mtu abadilishaye mkahawa. Watu wa Kampala, kwa sehemu kubwa, walihamishwa na mlango uliofungwa.

Wengi wao walikwenda katika makundi ya WhatsApp: kundi la ukoo, la mtaa, la wazazi wa darasa fulani, la chama cha kuweka na kukopa, la waliosoma pamoja. Kila kundi lina msimamizi wake, na aghalabu watu wake wanajuana. Kwa hiyo mtu aweza kusema kwamba ekimeeza kimekuwa kimeza, na safari imekamilika. Lakini yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, nayo ni udogo na uhuru. Chumba kidogo katika nyumba ya kupanga ni kidogo, lakini si chako. WhatsApp ilinunuliwa na kampuni ya Facebook mwaka 2014. Tarehe 4 Oktoba 2021, kwa hitilafu ya mitambo ya kampuni hiyo, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika pamoja duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Siku hiyo wapangaji wa vyumba vyote, vidogo kwa vikubwa, waligundua kuwa mwenye nyumba ni mmoja.

Jumuiya zisizo na kitovu zinataka jambo la pili, yaani uhuru. Mfano wake ujulikanao zaidi ni Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na kijana Mjerumani Eugen Rochko. Hiyo si meza moja bali ni maelfu ya meza. Chama, chuo, au hata mtu mmoja aweza kuwa na seva yake, akaweka kanuni zake, akawapokea watu wake. Na seva hiyo ikazungumza na nyingine kwa lugha moja ya mitambo iitwayo ActivityPub, iliyoidhinishwa kuwa kanuni ya kimataifa mnamo Januari 2018. Mwanachama wa seva ya mji mmoja humsoma na kumjibu mwanachama wa seva ya mji mwingine, kama vile mtu wa posta ya Jinja alivyoweza kumwandikia mtu wa posta ya Mwanza bila ya posta hizo kuwa na bwana mmoja. Asiyependezwa na mlinzi wa seva yake aweza kuhamia nyingine na wafuasi wake wakamfuata. Msomaji atakuwa amekwisha kutambua kwamba huu ni mpango wa MUKLA uliorudi katika vazi jipya.

Ni lazima tukiri ukweli kwamba Mastodon haikupata watu wengi Kampala. Mitandao mikubwa ilikuwa na vifurushi vya bei ya chini vilivyotengenezwa na makampuni ya simu kwa ajili yake, na seva ya ushirika haina mtu wa kuipatia kifurushi. Tena seva yataka fundi, umeme na ada ya kila mwezi. Na zaidi ya yote, mtu huenda walipo jamaa zake. Meza isiyo na watu haina mazungumzo, hata ikiwa huru namna gani.

Lakini mnamo Januari 2026 lilitokea jambo linaloonyesha kuwa fikra yenyewe ilikwisha kuota mizizi. Siku mbili kabla ya uchaguzi wa tarehe 15, intaneti ya umma ilizimwa tena. Safari hii watu wengi walikuwa wamejiandaa mapema kwa kupakua Bitchat, programu iliyozinduliwa mwaka 2025 na Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter. Programu hiyo haihitaji intaneti wala seva. Hupeleka ujumbe kwa mawimbi mafupi ya Bluetooth kutoka simu hadi simu, na kila simu iliyo njiani huwa tarishi wa simu nyingine. Masafa yake ni mafupi, na panapokosekana watu ujumbe hukwama. Hata hivyo, katika soko lililojaa watu, ujumbe huweza kuruka kutoka kibanda hadi kibanda. Safari iliyoanza na simu za usiku za Makerere ilikuwa imefika mahali ambapo kila mtu ni kituo.

Faida ya kimeza na hasara yake

Mwandishi wa historia hapaswi kuwa mpiga debe. Kimeza kina faida zake. Watu hujuana, hivyo huoneana haya. Mwanamke aliyekuwa akitukanwa na wasiomjua katika meza kubwa hupata mahali pa kusema. Si ajabu kwamba mtandao wa wanawake uitwao WOUGNET ulianzishwa Kampala mapema kama mwaka 2000, kabla Facebook haijazaliwa. Lugha ndogo nazo hupata pumzi, kwa kuwa katika kundi la watu 50 wanaosema Kiswahili hakuna mashine inayoisukuma nyuma kwa sababu Kiingereza kina wateja wengi.

Hasara nazo zipo, na kubwa yake ni ile ambayo ekimeeza kiliiponya. Katika kimeza hukaa waliokwisha kukubaliana. Uvumi ukiingia ndani ya mlango uliofungwa, hayupo mtu wa tatu katika foleni wa kuukanusha. Msimamizi wa kundi naye aweza kuwa sultani mdogo. Amtoaye leo hana pa kukata rufani. Tena kimeza hakina kumbukumbu. Simu ikiibwa katika teksi pale Kisenyi, mazungumzo ya miaka mitatu hupotea nayo. Mijadala ya ebimeeza angalau iliandikwa na magazeti na kuchunguzwa na wataalamu, lakini nani atakayeiandika historia ya makundi 1,000 ya WhatsApp ambayo kila moja limefungwa?

Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba dawa ni kuhama tu. Wahenga hawakukosea waliposema usiache mbachao kwa msala upitao. Jamii yahitaji meza ya kukutanisha wasiojuana na meza ya kuwatunza wanaojuana. Linalopaswa kuulizwa juu ya kila meza, kubwa au ndogo, ni maswali matatu: Nani mwenye ukumbi? Nani mwenye mlango? Na siku itakapofungwa, nitatoka na nini mkononi?

Sisi walimu na maswali hayo matatu

Maswali hayo yanatuhusu sisi kuliko watu wengi. Kiswahili katika Uganda kina historia ya kupandishwa na kushushwa. Kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Mwaka 2005 katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili. Na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi na kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Matangazo hayo yote yametangulia mbele ya walimu na vitabu. Mwalimu wa Kiswahili wa Uganda aghalabu ni mmoja katika shule nzima. Hana mwenzake wa kumwuliza kama ngeli hii yafaa ifundishwe kabla ya ile, wala maktaba ya kuegemea. Mwenzake yuko wilaya nyingine, na mtandao ndio chumba chao cha walimu.

Sasa tukumbuke mambo yalivyokuwa. Shule zilifungwa mnamo Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote hadi tarehe 10 Januari 2022. Katika kipindi hicho wako walimu waliokuwa wakitoa mazoezi na tungo zao katika kurasa za Facebook, wakasahihishana na wenzao wa Mombasa, Arusha na Bujumbura. Katikati ya kipindi hicho, tarehe 12 Januari 2021, kurasa zile zikafungwa. Wenye ujuzi wa VPN waliendelea. Wasio na ujuzi huo, ambao wengi wao ndio hasa waliohitaji msaada, walipoteza mazoezi waliyoyaandika kwa mikono yao wenyewe, kwa kuwa hawakuwa na nakala kwingine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na katika jambo hili hakika mwenye ukumbi hakuwa hata ndugu.

Yapo mambo tunayoweza kuyafanya bila ya kungoja tamko la mtu. La kwanza ni kuitunza kazi yetu mahali ambapo ni petu. Kila kundi la walimu na liwe na mtunza kumbukumbu, ambaye mwisho wa kila muhula atakusanya mazoezi na majibu ya maswali yaliyojadiliwa, ayaweke katika kompyuta ya shule na katika daftari la karatasi. Karatasi haizimwi. La pili ni kuwa na njia mbili za kufikiana, zisizo za mwenye nyumba mmoja: kundi la simu, na orodha ya anwani za barua pepe au namba za simu za kawaida zilizoandikwa kwa wino. La tatu, kwa vyuo vya ualimu vilivyo na fundi na umeme, ni kujaribu seva ndogo ya Kiswahili ya ushirika itakayozungumza na seva za wenzetu wa Kenya na Tanzania. Tusitarajie maelfu. Kituo cha Makerere hakikuwa na maelfu, na barua zake zilifika.

La nne lahusu lugha yenyewe. Mambo haya yote yanazungumzwa na vijana wetu kila siku, lakini kwa maneno ya kuazima yasiyo na mpango. Tunapofundisha insha, tuwape wanafunzi wayaeleze kwa Kiswahili: seva ni nini, msimamizi wa kundi ana haki gani, kwa nini ujumbe wa Bluetooth hufika sokoni na haufiki shambani. Lugha ambayo haiwezi kueleza mlango unaofungwa mbele ya wasemaji wake haitawasaidia kuufungua.

Kiganda kilipochukua meza yetu kiliikuza, na kwa muda kikawapa watu wa Kampala mahali pa kusikilizana. Wajibu wetu si kubishana ni kiambishi gani kilicho bora, kile cha kukuza au kile cha kudunisha. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba mwalimu wa Kiswahili aliye peke yake huko Kitgum au Kisoro ana meza ya kukaa, ana mwenzake wa kumwitikia, na ana daftari ambalo halitafungwa usiku akiwa amelala.